Bereti ya Rosela

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimekwisha!

Sabra kapiga simu saa nne asubuhi, bado nasugua masufuria ya supu. Sabra ni mjukuu wangu, tumemlea mimi na bibi yake tangu mama yake, Furaha, ahamie Mkuyuni kulima. Sasa ni askari, anasomea kuruka kwa mwavuli. Jumamosi anaruka mruko wa mwisho wa kozi, kisha wanavishwa beji ya mabawa kifuani na bereti inakuwa halali yao. Nikashangilia mpaka upawa ukaniponyoka.

Halafu akaongeza jambo. Kila mwanafunzi anajaza fomu, anaandika ndugu mmoja wa kushiriki naye siku hiyo, na akipatikana aliyewahi kutumikia kikosi ndiyo bora zaidi. Kaniandika mimi. Akasema Babu uje na suti na bereti yako, wastaafu wanaruhusiwa. Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Sikuuliza kushiriki kufanya nini. Ya nini kuuliza? Ni kumvisha mabawa! Na wa kumvisha mtu mabawa sharti awe nayo.

Mimi sina.

Naandika ukweli hapa kwa sababu daftari hili hulala chini ya gunia la mchele, na mke wangu Zuhura hawezi kusoma mwandiko wangu. Mwaka 1983 nilipanda ndege mara moja, nikashuka nayo. Mlango ulipofunguliwa niliiona milima ya Uluguru iko chini yangu, mahali ambapo milima haitakiwi kuwepo. Nikashika ukingo wa mlango. Mwalimu akanibandua vidole kimoja kimoja. Akibandua hiki, kile kinarudi. Wenzangu wakanipita. Wiki iliyofuata nikapelekwa jikoni, nikakaa huko miaka ishirini na miwili, nikastaafu koplo wa maharage.

Sabra alipokuwa na miaka sita aliniuliza nimeruka mara ngapi. Nikasema thelathini na saba. Sijui ilitoka wapi. Ningesema nne ningeweza kuitetea.

Aibu yangu siiogopi, nimeishi nayo, tumezoeana. Naogopa kuuona uso wa yule mtoto mbele ya gwaride zima pale watakapomwambia babu yako alikuwa mpishi. Nina siku tano. Mtu mwenye akili anaweza kufanya mengi kwa siku tano.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Rizwan mwenye duka la sare. Marehemu baba yake, mzee Badrudin, alidarizi kwa mkono. Yeye ana mashine inayoongozwa na kompyuta. Nikamwambia nataka mabawa mawili na mwavuli katikati, ni ya mchezo wa kuigiza hapa mtaani. Rizwan akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akanikatalia vizuri kabisa. Beji ya jeshi haidarizi bila barua ya kikosi. Kijana mwaminifu mpaka anaudhi.

Nikamwuliza basi ana mabawa gani yasiyo ya jeshi. Akatafuta kwenye kompyuta. Yako ya wauza vifaranga! Katikati kuna kifaranga anatoka kwenye yai. Nikamwomba amtoe kifaranga, abakize ganda, alipindue. Rizwan akaniangalia sana. Akadarizi. Uzi wa dhahabu, kazi safi. Ukiliangalia lile ganda ukiwa mbali, na jua likiwa limekupiga machoni, ni mwavuli kamili.

Natoka dukani, uso kwa uso na Dadi.

Dadi alikuwa mtunza stoo wa kikosi kile kile. Koplo kama mimi. Naye hakuruka hata siku moja, ila hajawahi kudai kwamba aliruka, na hiyo ndiyo silaha yake. Akaiona beji kabla sijaiingiza mfukoni. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akaniambia naye amealikwa Jumamosi, na mdomo wake una tabia ya kuteleza, labda uzuiwe. Nikamwuliza uzuiwe kwa kitu gani. Nilidhani atataka supu ya bure.

Anataka kila asubuhi, akifika kwenye banda langu la supu pale stendi ya Msamvu, nisimame wima mbele ya wateja na kumwambia, “Jambo afande!”

Mimi na yeye tulipata vyeo siku moja! Nimekubali.

Jumatano, 16 Julai

Dadi kafika saa moja kasoro. Nikasimama wima, upawa ubavuni. Akasema hakusikia vizuri. Nikarudia. Abiria wa basi la Dodoma wakageuka wote. Akasema legeza, mpishi. Akaomba utumbo zaidi.

Nitamkumbuka.

Leo kazi ilikuwa bereti. Sisi wa jikoni tulivaa za kijani, wanaoruka walivaa za damu ya mzee. Yangu ya kijani imekaa sandukuni miaka ishirini na imepauka, ukiiona unaweza kudhani ni ya kijivu. Bahati nzuri sana, kwa sababu inapokea rangi. Nikawaza dawa ya rangi ya dukani, nikaona watauliza maswali. Nikawaza rosela. Zuhura anauza juisi ya rosela kwa wasafiri, na pale jikoni palikuwa na ndoo yake nzima, nyekundu tayari, imechemshwa tayari. Ya nini kuchemsha upya maua mtu na akili zake?

Nikaizamisha bereti. Saa tatu nzima nikiigeuza kwa mwiko. Ikatoka damu ya mzee yenyewe! Nikaianika nyuma ya choo.

Zuhura karudi, kaonja juisi, kasema ina ladha ya sanduku. Nikamwambia ni mvua ya mwaka huu, imeharibu rosela. Akaniuliza mvua gani.

Sisimizi wameipanda bereti. Mstari mzima, kutoka ukutani hadi kwenye kamba. Nimewakung'uta. Sijui wanatafuta nini.

Alhamisi, 17 Julai

Jambo afande, mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu alikuwa amekuja na shemeji yake.

Sasa wasiojua wanadhani bereti unaivaa tu. Bereti ya mwanamwavuli inafinyangwa. Unailowesha, unaivaa mbichi, unaivuta upande wa kulia mpaka ikaribie sikio, beji inakaa juu ya jicho la kushoto, kisha unabaki nayo kichwani mpaka ikauke ikufahamu. Nimewaona vijana wakifanya hivyo miaka yote ile nikiwa nachambua mchele. Nikailowesha kwenye ile ile juisi ili rangi isipungue. Nikakaa nayo juani kuanzia adhuhuri mpaka alasiri.

Nyuki wawili. Watatu. Nimehama viti mara nne.

Halafu nikaona, vipi nikiulizwa habari ya kutua? Mruka-miavuli anatua miguu imebana, magoti yamelegea, anabiringika kwa ubavu. Nikapanda juu ya banda la kuku. Si juu sana, ni kimo cha kifua. Nikasimama pale robo saa. Nikaona vidole vyangu vimeshika bati bila mimi kuviagiza.

Zuhura akatokea, akaniuliza Baba Furaha unatafuta mayai juu ya bati? Nikaruka. Yaani niliteleza. Nimetua kwa kifundo cha mguu na kuku mmoja, mzima yule kuku, kapiga kelele tu.

Wakati ananikanda mguu akanitolea uvivu. Akasema yeye amefua aproni zangu miaka ishirini na miwili na hakuna hata moja iliyonuka mawingu. Nimwambie mtoto ukweli kabla hajaambiwa na watu. Ukitoka kwangu atakwazika, ukitoka kwa Dadi ataumia. Maneno mazito. Nimemwambia kesho nitampigia simu.

Nimesema kesho. Sijasema saa ngapi.

Ijumaa, 18 Julai

Rangi haitoki! Bereti imeniachia utepe mwekundu kuzunguka kichwa chote. Nimesugua kwa sabuni ya kufulia, nimesugua kwa limau, nimesugua kwa majivu. Sasa unang'aa.

Nikaenda msikitini na kofia yangu ya kawaida, haikufika chini vya kutosha. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza ni alama ya sijda gani hiyo inayozunguka mpaka nyuma ya masikio. Dadi, safu ya nyuma, akakohoa kwa muda mrefu sana kuliko mtu mwenye kikohozi.

Baada ya swala nikampigia Sabra. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi: mjukuu wangu, kuna jambo. Akanitangulia. Ana furaha mpaka maneno yanagongana. Kasema kesho atakuwepo Meja mstaafu Fidelis, mwalimu wa zamani, anakuja kila kozi kuwapa vijana historia ya kikosi, na amesema anamfahamu Koplo Hafidhi, yaani mimi, vizuri kabisa, anatamani kumwona.

Fidelis! Ndiye yule mwalimu wa mlangoni. Ndiye aliyenibandua vidole!

Sabra akauliza Babu ulitaka kusema nini. Nikamwambia ale vizuri.

Karatasi nimeitia jikoni, nimewashia moto. Mpango mpya: nitasimama mbali na Meja, jua likiwa nyuma yangu, nimvishe mtoto haraka haraka, halafu nisingizie mguu na kuondoka. Meja ana miaka sabini na kitu. Macho yatakuwa yamechoka.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa jicho moja. La kushoto limefunga.

Tumefika uwanjani saa mbili, mimi na Zuhura. Suti nyeusi, bereti imevutwa upande wa kulia sawasawa, mabawa ya dhahabu kifuani. Nachechemea, lakini nachechemea kama mtu mwenye historia. Wanafunzi thelathini na mmoja wamejipanga, miavuli mgongoni, helmeti mikononi, bereti bado vichwani. Sabra mstari wa pili. Kaniona, hakutabasamu maana yuko gwarideni, ila nyusi zilicheza.

Nikajitafutia sehemu yenye jua nyuma. Meja Fidelis akanifuata huko huko. Macho yake hayajachoka hata kidogo. Akanishika mabega yote mawili, akanitazama paji la uso, akanitazama kifua. Kwa muda mrefu alitazama kifua. Kisha akaniuliza kwa upole, Hafidhi, siku hizi unafuga kuku?

Nikasema wachache tu, afande.

Nikaweka mkono juu ya beji nikaibandua. Nyuzi mbili zilikatika, nilizisikia. Meja akanishika mkono kunipeleka katikati ya uwanja. Nikajua ndiyo basi, natangazwa. Zuhura alikuwa ananiangalia. Nikatamani nimtazame Sabra, nikashindwa.

Katikati ya uwanja palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Tupu. Meja akanisimamisha nyuma yake, akageukia vijana, akatoa historia.

Kumbe mabawa anavisha mkuu wa kikosi! Peke yake, siku zote, tangu zamani. Ndugu hahusiki. Fomu ile ilikuwa ya mambo mengine kabisa, nami ningeyajua kama ningeuliza.

Akawaambia hivi. Zamani siku za kuruka, askari wakivaa helmeti, bereti waliziacha popote, majanini, kwenye magari, na upepo wa kutoka milimani ukazipeperusha. (Kweli. Nyingi ziliingia kwenye sufuria zangu. Bereti ikiiva na maharage haitengenezeki.) Basi mpishi mmoja akaanza kuzikusanya. Anazipanga mezani, anasimama nazo, kichwa wazi, mpaka wa mwisho atue, kisha anamrudishia kila mtu ya kwake mkononi. Miaka ishirini na miwili haikupotea hata moja ya bereti zile. Na wenye bereti walirudi wote kuzichukua. Vijana wakaanza kuona kwamba kabla ya kuruka ni lazima uache bereti mezani kwa Hafidhi, maana yake umeahidi kuirudia. Nilipostaafu wakaendelea na wapishi wengine, na kwenye kozi ikawa mila. Siku ya mwisho anashika ndugu. Mwaka huu wanafunzi wote thelathini na mmoja waliombwa wachague mmoja ashike zote, na Sabra alipoandika jina langu wenzake wakafuta ya kwao.

Mimi nilidhani nazuia uchafu kwenye maharage.

Wakapita mmoja mmoja kuacha bereti. Sabra akaweka yake bila kunitazama. Ndege ikaondoka. Mshika bereti hukaa kichwa wazi, kwa hiyo nikavua yangu nikaiweka pembeni mwa meza. Utepe wangu mwekundu nje, dunia nzima inauona. Basi.

Ndege ikawa juu sana, na nyuki wakaja.

Mmoja kwanza, kama juzi. Halafu kumi. Halafu sikuhesabu tena. Waliikuta bereti yangu pale mezani, sukari ya Zuhura imo ndani yote, wakatulia juu yake, wengine wakaanza kutembelea za vijana. Dadi alikuwa amesimama hatua tano, anajifanya mtu wa itifaki. Alikimbia! Afande mzima alikimbia mpaka kwenye magari, akafunga na kioo.

Nami nilitaka kukimbia. Naandika ukweli. Mguu ulishainuka. Halafu juu kule nikaona kidoa cha kwanza kinatoka mlangoni, cha pili, cha tatu, mmoja wao ni mtoto wangu na bereti yake iko hapa. Ukishazishika huondoki. Sikuwaza, mkono ulifanya wenyewe. Nikainyakua bereti yangu ya rosela, nikaivaa kichwani na nyuki zake, nikasogea hatua kumi kutoka mezani, mahali ambapo bado naziona zote. Wakanifuata wote. Nikasimama wima. Jicho, sikio, shingo, mdomo wa juu. Zuhura alikuwa akinipigia kelele nitupe, nitupe! Ningetupa, nyuki wangerudi mezani.

Niliogopa kuliko siku ile ya mlango, lakini si nyuki niliowaogopa. Niliogopa mpaka mwavuli wa thelathini na moja ulipofunguka.

Jamaa wa jikoni wakaja na moshi wa majani, nyuki wakaondoka. Vijana wakatua, wakaja mbio na vumbi lao. Nikawarudishia mmoja mmoja, jicho moja, bila kukosea. Wa mwisho Sabra. Nikashika bereti yake, nikaona siwezi kumpa kabla sijasema. Nikamwambia, kwa mdomo uliovimba kama andazi, kwamba sijaruka. Si thelathini na saba, si moja. Nilishika mlango.

Akasema anajua. Wiki ya pili Meja aliwasimulia habari za askari aliyerudi na ndege na alichokifanya baadaye. Jina langu lilipotajwa yeye aliona aibu siku mbili, akala peke yake. Kisha siku ya mruko wake wa kwanza alifika mlangoni, naye mikono ikagoma. Akajiambia kwamba hata akirudi na ndege, bado kuna kazi ya maana chini kule, babu yake aliifanya. Ndipo mikono ikaachia. Akasema, “Babu, mimi nimeruka kwa sababu wewe hukuruka.”

Nililia. Kwa jicho moja, lingine halikufunguka.

Mkuu wa kikosi akamvisha mabawa. Zuhura akapiga vigelegele vya Kiluguru mpaka gwaride likapepesuka. Nikamwahidi Sabra, nikashika bereti yake kama mtu anayeshika msahafu, kwamba sitasema tena thelathini na saba maisha yangu yote.

Jumapili, 20 Julai

Uso umejaa. Zuhura ananipaka kitunguu na kunicheka. Ameonja bereti. Sasa anajua juisi yake ilikwenda wapi.

Dadi kaja kunijulia hali. Nikamkumbusha habari ya kioo cha gari. Tumekubaliana kuanzia kesho anayesimama wima ni yeye.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Banda limejaa tangu alfajiri, mabasi yote yamesimama Msamvu. Dadi kasimama wima, kasema Jambo afande kwa sauti ya kutosha. Nikamlegeza, nikampa utumbo.

Abiria mmoja wa Iringa, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniangalia jicho ambalo bado halijakaa sawa, akaniangalia bereti (nimeivaa, imefuliwa, sikukuu hii). Akaniamkia. Akauliza kama haya ni majeraha ya jeshi. Nikasema ni ya uwanja wa miavuli, Jumamosi tu iliyopita. Si uongo hata herufi moja!

Vijiko vikasimama. Akaniuliza, mzee, kwa umri huo, umeruka mara ngapi?

Nikaweka upawa chini. Nikamkumbuka Sabra, uso wake, mkono wangu juu ya bereti yake. Niliahidi sitasema tena thelathini na saba, na mimi nikiahidi nimeahidi.

Nikamwambia thelathini na nane.